UZI: Baba alianza kupigana usingizini miaka kumi kabla mkono wake haujaanza kutetemeka

#1 Mtoto wa Dereva

Wakuu, habari za usiku.

Nimekaa sebuleni hapa Kurasini, saa tano na nusu, baba amelala chumba cha pili na mlango nimeuacha wazi ili nimsikie. Uzi huu nimeuahirisha miezi mingi. Nimeamua kuuandika leo kwa sababu wiki iliyopita dada mmoja wa kazini kwetu alinivuta pembeni akaniambia mumewe anapigana usiku, na anaogopa kumwambia mtu. Nikajiona mimi na mama yangu enzi zile. Mnivumilie, ni mrefu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Miaka thelathini na ushee alipiga njia ya Dar kwenda Tunduma, kona za mlima wa Kitonga anazijua moja moja. Alistaafu 2009. Kwenye 2011 hivi usiku wa nyumba yetu ukabadilika. Ikifika saa tisa, saa kumi alfajiri, baba anapiga kelele. Wala si kuweweseka kwa mtu mwenye homa. Anapiga teke, anarusha ngumi, anagombana na mtu asiyeonekana, na mchana wake ni mtu mpole hata kuku hamfokei.

Usiku mmoja mama alikuwa anaumwa malaria, nikalala chumbani kwao chini kwenye mkeka. Nikashuhudia. Baba ameikamata neti kwa mikono miwili kama usukani, anaivuta kulia, mguu wake wa kulia unakanyaga godoro, anakanyaga, anakanyaga, anasema "Imekataa! Imekataa!" Neti ikang'oka kwenye misumari ikamwangukia. Nilipomshika bega aliamka palepale, akili zake zote, akanisimulia: lori limekatika breki Kitonga na mbele kuna basi la abiria.

Mwaka 2013 kiwiko chake kilimpata mama jichoni. Asubuhi mama akaenda bombani na jicho limevimba, majirani wakaona. Tangu siku hiyo mtaa mzima uliamini mzee anampiga mkewe. Mama hakukubali wala hakukanusha, maana angesema nini? Kwamba kapigwa na mtu aliyelala? Baba alipoliona lile jicho alilia mbele yetu, akahamia kwenye kochi. Wengine walisema ni majini. Wengine walisema aligonga mtu barabarani zamani, na damu ile inamdai. Baba hakuwahi kugonga mtu.

Miaka ikapita hivyo. 2021 kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vikaanza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayehesabu noti. Mwandiko ukawa mdogo, kila herufi ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka benki wakaikataa sahihi yake. Zahanati ya kwanza tulipoenda tuliambiwa uzee, tukapewa vidonge vya vitamini. Mwaka uliofuata ndipo tulipofika kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Akamtembeza, akampigisha vidole, akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Halafu akamgeukia mama, si baba, akamuuliza: "Mama, usiku huwa analalaje?"

Mama aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumuuliza.

Nitaendelea chini.

#2 Mtoto wa Dereva

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata. Naweka hapa nilichokielewa, wataalamu mtanirekebisha.

Usingizi si kitu kimoja. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna vipindi vya usiku ambavyo macho ya aliyelala yanacheza haraka chini ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Vipindi hivyo vinarefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, ndiyo maana vurugu za baba zilikuwa saa tisa na saa kumi, si saa tano.

Sasa aliyenifungua macho ni Mfaransa, Michel Jouvet, mtafiti wa ubongo wa mji wa Lyon. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba katika usingizi huo wa ndoto ubongo unachangamka kama wa mtu aliye macho, huku misuli ya mwili ikilegezwa yote isipokuwa michache kama ya macho na ya kupumua. Kuna sehemu kwenye shina la ubongo, karibu na kisogo, inayofunga mwili usifuate ndoto. Jouvet alifanya majaribio kwa paka, akaiharibu sehemu hiyo, na mwaka 1965 akaandika alichokiona. Paka amelala, kisha anainuka akiwa usingizini vilevile, anavizia, anaruka, anamkamata panya ambaye hayupo.

Niliposoma hapo niliiweka simu chini. Yule paka ni baba na usukani wake wa neti.

Kwa binadamu, walioliandika vizuri tatizo hili la kuitenda ndoto ni Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, mwaka 1986. Wagonjwa wao wengi walikuwa wazee wa kiume, watu wa kawaida wasio na historia ya ukatili. Walipoendelea kuwafuatilia, kufikia 1996 wazee 11 kati ya 29 walikuwa wameingia kwenye Parkinson au ugonjwa unaofanana nayo. Baadaye, kati ya 26 waliobaki kwenye hesabu, 21 walikuwa na Parkinson au ugonjwa wa kusahau wa jamii hiyohiyo.

Kumbe usiku ulikuwa unatuambia. Miaka kumi.

#3 Mzaramo wa Mbagala

Pole sana mkuu, na mpe pole mama. Mimi nasema kwa heshima, msiyatupe mambo ya wazee. Jinamizi lipo, na mtu husomewa akatulia. Babu yangu alisomewa hapa Mbagala na usiku wake ukatulia kabisa.

#4 Mtoto wa Dereva

Ahsante kaka. Sisi tulisoma dua na bado tunasoma, shehe wetu ni mtu wa karibu na familia. Ninachojuta ni kwamba tuliishia hapo. Dua haikutukataza kwenda hospitali, ni sisi tuliona kwamba ukimpeleka mtu hospitali kwa sababu ya ndoto utachekwa. Nilipomweleza shehe yale ya daktari, yeye mwenyewe alisema tungemwambia mapema kwamba mzee anaota na kupiga, angetuhimiza twende.

#5 Nesi wa Zamu

Mleta uzi, umeeleza vizuri. Niongeze kwa nini usingizi unatangulia mkono, maana hili hata kazini watu wengi hawalijui.

Kwenye Parkinson kuna protini inaitwa alfa-sinukleini ambayo inajikunja vibaya na kuganda ndani ya seli za ubongo. Mabonge yake yanaitwa miili ya Lewy, kwa jina la Fritz Lewy aliyeyaeleza mwaka 1912. Mkono unatetemeka na mwili unakuwa mzito pale seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa kwa wingi. Lakini seli hizo hazipo chini kabisa ya shina la ubongo. Mwaka 2003 Heiko Braak, Mjerumani, alipendekeza kwamba kwa wagonjwa wengi uharibifu unaanzia chini na kwenye neva za kunusa, kisha unapanda. Ukipanda, unapita kwanza kwenye ile sehemu inayolegeza misuli wakati wa ndoto. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza harufu, akafunga choo miaka na miaka, akapigana usingizini, na mkono wake bado umetulia. Si kila mgonjwa anafuata ngazi hizo, ila wengi wanazifuata. Muulizeni mzee kama harufu ya samaki wa kukaanga bado anaisikia.

Tahadhari, tafadhali. Si kila anayepiga kelele usiku ana ugonjwa huu. Anayekabwa pumzi kwa sababu ya kukoroma anaweza kurusha mikono. Baadhi ya dawa za sonona zinaleta hali hiyohiyo. Aliyepitia ajali mbaya au vita anaota vibaya kwa sababu nyingine. Mtoto anayetembea usingizini ni habari tofauti kabisa. Uhakika unapatikana kwa kupima usingizi usiku kucha na waya kichwani na kwenye misuli, kipimo ambacho kwetu si rahisi kukipata. Ila swali moja tu la kumuuliza anayelala naye linafika mbali sana: je, huwa anaonekana kama anaitenda ndoto yake, anapiga, anarusha mikono, anakimbia?

#6 Mtoto wa Dereva

Dada Nesi, harufu hana. Tulidhani ni mafua ya muda mrefu. Nimekaa kimya dakika kumi baada ya kukusoma.

#7 Mlimani Mwaka wa Tatu

Samahani natoka kidogo kwenye njia. Wiki ijayo tuna mitihani na hapa bweni watu wanakesha kucha. Huu usingizi una kazi gani kwenye kukumbuka? Na baba yako bado anakumbuka vizuri?

#8 Mtoto wa Dereva

Hujatoka kwenye njia mdogo wangu, umeingia penyewe.

Mkono wa baba nimeuzoea. Kinachoniuma ni kusahau kulikoanza mwaka jana. Mzee huyu alikuwa anatutajia vituo vyake kama wimbo, tangu tukiwa wadogo: Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, mpaka Mbeya na Tunduma. Sasa anaruka. Kila jioni namwomba anitajie na kila jioni kuna kituo kinapotea, si kilekile.

Kuhusu swali lako: mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton, huko Arizona, walirekodi seli za hipokampasi za panya. Hiyo ni sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya. Panya anapotembea, seli fulani zinawaka pamoja kwa kila mahali alipo. Alipolala baada ya hapo, seli zilizowaka pamoja njiani zikawaka pamoja tena. Ubongo ulikuwa unaipita njia ileile amelala. Nimejiuliza sana kama ndicho baba anachokifanya Kitonga.

#9 Nesi wa Zamu

Hapo nikusimamishe kidogo dada yangu. Marudio yale ya panya yalionekana kwenye usingizi mzito usio na macho ya kucheza, siyo kwenye usingizi wa ndoto anamopigania baba. Ni vitu viwili. Usingizi mzito ndio unaohusishwa zaidi na kuhamisha mambo ya mchana kutoka hipokampasi kwenda kwenye gamba la ubongo, yakakae.

Na wewe Mlimani, jibu lako ni hilo. Ulichosoma saa nne usiku bado hakijatulia. Ukikesha mpaka asubuhi umeinyima akili saa zake za kukipanga. Soma, funga daftari, lala.

#10 Mtoto wa Dereva

Nimepokea, na ahsante kwa kunirekebisha. Nilitamani iwe hivyo, basi tu.

#11 Lindo Masaki

Wakuu mimi ni mlinzi. Mwaka wa tisa sasa nakesha getini, narudi Gongo la Mboto saa tatu asubuhi, nalala chumba cha bati, joto, watoto wanacheza nje, jirani ana spika. Nikipata saa nne za usingizi nashukuru. Wikiendi kukiwa na kigodoro hata hizo sizipati. Nimesoma mahali kwamba asiyelala ubongo wake unajaa uchafu. Nataka mniambie ukweli, nimeshajiharibu?

#12 Nesi wa Zamu

Kaka, hata mimi nakesha, swali lako ni langu pia.

Hiyo habari ya uchafu inatoka kwa Maiken Nedergaard, Mdenmaki anayefanya kazi Rochester, Marekani, na Copenhagen. Mwaka 2012 timu yake ilieleza njia ambayo majimaji yanayouzunguka ubongo yanapita kando ya mishipa ya damu, yanaingia katikati ya seli na kutoka na taka. Fikiria mitaro ya mtaani kwako. Mwaka 2013 wakaandika kwamba kwa panya waliolala au waliopigwa ganzi, nafasi kati ya seli ilipanuka kwa asilimia kama 60, na beta-amiloidi, ile protini inayorundikana kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ilisafishwa haraka zaidi kuliko panya wakiwa macho.

Lakini mwaka 2024 timu ya Nick Franks wa Imperial College London walipima kwa njia yao, nao kwa panya, wakakuta kinyume: usafishaji ulipungua panya akilala. Wanasayansi bado wanabishana, na wewe mtu wa lindo usibebe hukumu ambayo wao wenyewe hawajaitoa.

Kwa binadamu kuna utafiti wa watumishi wa serikali wa Uingereza, karibu watu 8,000, waliofuatiliwa miaka 25. Waliolala saa sita au pungufu wakiwa na umri wa miaka 50, 60 na 70 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa kusahau kubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko waliolala saa saba. Asilimia 30 juu ya hatari ndogo si hukumu ya kifo. Na hata hapo ni vigumu kutenganisha kama kukosa usingizi kulileta ugonjwa, au ugonjwa uliojificha ndio ulioharibu usingizi. Umeona baba wa mleta uzi, kwake ugonjwa ndio uliotangulia kuvuruga usiku.

Jopo la jarida la The Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani. Humo mna presha, kisukari, masikio kutosikia, sigara, pombe, kuumia kichwa, upweke. Usingizi haumo katika yale 14. Kwa hiyo kaka, kapime presha. Kisha weka pazia zito hata la kanga mbili, zima simu, na mwombe mwenye spika kwa utaratibu, mweleze kazi yako. Watu wengi hawajui kwamba jirani yao amelala saa nne asubuhi kwa sababu amekesha akiwalinda wengine.

#13 Lindo Masaki

Ahsante dada. Nitapima Jumatatu nikitoka lindo.

#14 Mluguru

Nami nichangie. Kwetu Morogoro mjomba alikuwa na tetemeko hilo, mzee mmoja akampa unga wa mbegu za upupu. Akaanza kutembea vizuri. Niliwahi kuambiwa ni uongo, ila mimi nilimwona.

#15 Nesi wa Zamu

Si uongo. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, dawa ileile tunayoitoa kwa vidonge, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Watafiti wamewahi kuzijaribu Bolivia kwa wagonjwa wasiomudu vidonge, na zilisaidia.

Hatari yake ni kipimo. Mbegu hii na ile hazilingani. Kijiko cha leo si cha kesho. Kidonge kina dawa ya pili inayoizuia levodopa isiishie mwilini kabla ya kufika ubongoni, mbegu haina, hivyo kichefuchefu na presha kushuka ni kwingi. Ukichanganya upupu na vidonge bila daktari kujua, mgonjwa anaweza kuanza kuchezacheza mwili mzima bila kutaka au kuona watu wasiokuwepo. Mweleze daktari bila kuficha. Hatukasiriki.

Na tujue hali yetu. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, matokeo yakatoka 2008. Wengi wa waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Wilaya hiyohiyo, katika utafiti wa 2013, kwa watu wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa na ugonjwa wa kusahau ni kama 6 kwa kila 100. Vipimo vya kizungu vya kuchora saa havikuwafaa wazee ambao hawakusoma, kwa hiyo wakatengeneza kipimo kingine: taja wanyama kwa dakika moja, daraja ni nini, panga njiti za kiberiti kama hivi. Mnaweza kuona mzee anajibu bila kuaibika.

#16 Kigamboni Feri

Niulize kwa uchungu kidogo, mtanisamehe. Baba yangu anapiga mateke usiku. Ana miaka 61, hatetemeki. Kama ugonjwa hauzuiliki, kumwambia kutamsaidia nini? Si bora alale tu na amani yake?

#17 Nesi wa Zamu

Swali zito. Takwimu ziko hivi: utafiti mkubwa wa 2019, ulioongozwa na Ronald Postuma wa Montreal, ulifuata watu 1,280 wenye hali hii iliyothibitishwa kwa kipimo. Kila mwaka kama 6 kati ya 100 walipata Parkinson au ugonjwa wa kusahau wa jamii yake, na kufikia mwaka wa 12 karibu robo tatu. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia. Uamuzi wa kumwambia lini na vipi ufanyike na daktari, na mzee mwenyewe aulizwe anataka kujua kiasi gani. Mengine namwachia mleta uzi.

#18 Mtoto wa Dereva

Ndugu yangu wa Kigamboni, mimi sina la kitaalamu. Nina jicho la mama.

Tungejua mwaka 2011, tungeshusha godoro chini usiku uleule. Tungeondoa ile meza ya kioo iliyompasua baba paji la uso. Mama angelala kitanda cha pembeni bila kujiona ameachwa. Kuna melatonini, kuna dawa nyingine ambazo daktari anaweza kuzipa ili usiku utulie, na zimemsaidia baba. Tusingempa vitamini mwaka mzima. Na mama asingepita bombani miaka minane akikunja kanga usoni. Baba asingeishi akidhani ndani yake kuna mtu mbaya anayetoka usiku. Hiyo ndiyo amani unayosema alale nayo, ndugu yangu. Hakuwa nayo.

Anza na mama yako. Muulize mkiwa wawili tu. Usimuulize kama baba anampiga, muulize anaota nini.

#19 Kigamboni Feri

Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Amelia. Nitawaambia.

#20 Mtoto wa Dereva

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana tulikuwa kliniki. Kipimo cha levodopa kimepunguzwa kidogo na saa zimebadilishwa. Mama sasa ana daftari la shule la kurasa 40. Anaandika kila usiku: saa ngapi, amepiga au amesema tu, amesema nini. Daktari alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, na mama alikaa wima kwenye kile kiti kuliko nilivyowahi kumwona. Yule dada wa kazini nimempa namba ya kliniki, mumewe ana miadi Alhamisi.

Jioni nilimwomba baba anitajie vituo. Akaanza vizuri. Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa. Mama akiwa anachambua mchele akasema bila kuinua macho, "Umeruka Kitonga."

Baba alifikiri kidogo. Akasema, "Kitonga naipita usiku."

Kliniki tena baada ya miezi mitatu. Kigamboni, nasubiri habari zako.